Kuhifadhi Mafaili ya Lango la Simu Katika Seva ya Mbali: Maelezo kwa Watumishi na Wananchi

Katika afisi nyingi za Serikali, simu ya mezani iliyokuwa ikiletwa kwa waya wa shaba kutoka nguzo hadi nguzo imeondoka, na mahali pake kimeingia kisanduku kidogo kinachopitisha sauti ndani ya mtandao wa kompyuta. Kisanduku hicho ni lango la simu. Mafundi wengi huliita getwei. Upande mmoja hupokea simu za kawaida, laini za kampuni za simu au kadi za simu za mkononi. Upande wa pili huunganishwa na waya wa mtandao. Kazi yake ni kuigeuza sauti kuwa tarakimu inapotoka, na kuzigeuza tarakimu kuwa sauti zinapofika.

Mwananchi anayepiga simu afisini hujua tu kwamba simu imepokelewa au haikupokelewa. Mtumishi hujua zaidi ya hayo. Lango huweka ujumbe wa sauti ulioachwa na mpigaji aliyekosa mtu wa kumpokea, huandika daftari la simu zilizoingia na zilizotoka, pengine hurekodi mazungumzo pale sheria inaporuhusu, na hutunza nakala ya mipangilio yake lenyewe. Vyote hivyo ni mafaili, na mafaili yanahitaji mahali pa kukaa. Makala haya yanaeleza namna ya kuyaweka katika seva iliyo mbali kwa njia ya matumizi ya pamoja ya mafaili, bila ya kuiathiri kazi ya asili ya lango, nayo ni kuita na kuitikiwa.

RUANDA, NA SABABU YA KUICHAGUA

Kwa mfano wa maelezo haya tumeichukua Ruanda. Inayokusudiwa si nchi jirani, bali ni kata iliyomo wilayani Mbinga, mkoani Ruvuma, kusini mwa Tanzania Bara. Ndani ya kata hiyo kipo kijiji cha Ntunduwaro, penye makaa ya mawe ya Ngaka ambayo uchimbaji wake ulianza mwaka 2011. Wilaya ya Mbinga ni nchi ya milima ya Umatengo, maarufu kwa kahawa na kwa kilimo cha mashimo ya ngoro. Kutoka katika milima hiyo nchi huteremka hadi Ziwa Nyasa, ambalo uso wake upo kiasi cha mita 474 juu ya usawa wa bahari. Mwambao wa ziwa hilo, pamoja na Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, ulikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga hadi ilipoundwa Wilaya ya Nyasa mwaka 2012.

Msomaji wa Unguja au Pemba ana haki ya kuuliza: ya nini kwenda mbali kiasi hicho? Jawabu ni kwamba Ruanda haikuzungukwa na maji, lakini kwa upande wa mawasiliano afisi iliyo katika nchi ya milima namna ile ina hali ya kisiwa. Mawimbi ya redio hayapiti ndani ya mlima, radi za msimu wa mvua hupiga minara na nyaya, na njia ya kuingia na kutoka kwa habari huwa moja au mbili tu. Umeme nao una historia yake. Gridi ya taifa ilifika Songea mwaka 2018 kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, na kabla ya hapo mji ule ulitegemea zaidi majenereta ya dizeli.

Basi tuchukulie kuwa ipo afisi moja katika kata hiyo. Afisi hii ni ya kufikirika, imewekwa hapa ili msomaji aione kazi katika mazingira anayoweza kuyapigia picha. Ina lango moja la simu, simu nne za mezani, na laini ya intaneti ambayo uwezo wake wa kupeleka ni kilobiti 256 kwa sekunde. Seva ya kuhifadhia mafaili ipo Mbinga mjini. Kazi iliyopo ni kuyatoa mafaili Ruanda na kuyafikisha Mbinga salama.

HESABU YA NAFASI

Kabla ya kuamua lolote, inafaa kufanya hesabu. Sauti ya simu hupimwa mara 8,000 kwa kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 8. Huo ndio utaratibu uitwao G.711, uliokubaliwa kimataifa tangu mwaka 1972 na ambao mpaka leo malango mengi huutumia. Mara 8,000 kwa biti 8 ni biti 64,000, yaani baiti 8,000 kwa sekunde. Kwa dakika moja ni baiti 480,000. Kwa saa nzima ni megabaiti 28.8.

Malango madogo hayana nafasi kubwa ya kumbukumbu. Tuseme lango letu lina megabaiti 256, na baada ya programu zake kuchukua sehemu yao zimebakia megabaiti 200. Ukigawa 200 kwa 28.8 utapata saa saba hivi za mazungumzo. Afisi inayopokea saa mbili za simu kwa siku itakuwa imelijaza lango lake katika siku ya nne. Na pakijaa, lango halina uungwana wa kuomba radhi. Ujumbe mpya hukataliwa, daftari la simu hukatika, na katika baadhi ya malango programu nzima husimama kwa kukosa hata nafasi ndogo ya kuandikia shughuli zake.

Ipo njia ya kupunguza uzito. Sauti ikihifadhiwa kwa mfumo wa GSM, saa moja huchukua karibu megabaiti 6 tu, ingawa usikivu hupungua kidogo. Hilo linasaidia, lakini linaahirisha siku ya kujaa na halifuti sababu ya kujaa. Aidha, lango likipigwa na radi au likiibiwa, vyote vilivyomo hupotea pamoja nalo. Kwa hivyo hapana budi nakala ziwepo mahali pengine.

NJIA TATU ZA KUTUMIA MAFAILI KWA PAMOJA

Matumizi ya pamoja ya mafaili maana yake ni kwamba folda iliyo katika mashine moja huonekana na kutumika katika mashine nyengine, kama kwamba ipo hapo hapo. Mafundi husema folda ya mbali imepachikwa. Mashine mbili haziwezi kufahamiana bila ya kanuni za mazungumzo, na kanuni hizo huitwa itifaki. Zinazotumika zaidi ni tatu.

Ya kwanza ni NFS, iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani mwaka 1984. Ni nyepesi, nayo imo ndani ya mfumo wa Linux ambao malango mengi huendeshwa kwao. Toleo lake la nne hupita katika poti moja tu, namba 2049, jambo ambalo humrahisishia fundi kazi ya ulinzi. Kasoro yake ni kwamba, isipowekewa nyongeza za usalama, humwamini mgeni kwa anwani yake na kwa namba ya mtumiaji anayoitaja mwenyewe. Haimuulizi neno la siri, wala haifichi yale inayoyabeba.

Ya pili ni SMB, iliyoanzia katika kampuni ya IBM mwaka 1983 na baadaye kuenezwa na Microsoft. Ndiyo inayotumika katika kompyuta nyingi za afisini zenye Windows, na hupita katika poti namba 445. Mwaka 1992 Andrew Tridgell, akiwa mwanafunzi nchini Australia, alianza programu iitwayo Samba ambayo iliziwezesha mashine za aina nyengine kuzungumza itifaki hiyo hiyo. SMB huuliza jina na neno la siri, na matoleo yake mapya yanaweza kusimba ujumbe ili usisomeke njiani. Toleo lake la kwanza, hata hivyo, halifai tena kutumika. Mwezi wa Mei 2017 programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilipitia kasoro iliyokuwamo katika toleo hilo, ikaingia katika kompyuta za nchi nyingi na kuyafunga mafaili ya wenyewe. Hospitali kadhaa za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu. Marekebisho ya kuziba kasoro hiyo yalikuwa yametolewa tangu mwezi wa Machi mwaka huo. Walioathirika wengi ni wale ambao hawakuyaweka.

Ya tatu ni kupitia SSH, katika poti namba 22. Hii hukisimba kila kinachopita, na badala ya neno la siri inaweza kutumia ufunguo, yaani faili maalumu lisilokisika kwa kubahatisha. Juu yake hupachikwa folda kwa programu ya SSHFS, au hupelekwa nakala kwa programu ya rsync, ambayo huyaacha mafaili yaliyokwisha kufika na kupeleka yaliyobadilika tu. Ni nzito kidogo kwa lango lenye nguvu ndogo, lakini kwa njia inayopita katika intaneti ya wazi ndiyo salama zaidi kati ya hizo tatu.

Kwa ufupi, ndani ya jengo moja NFS au SMB mpya inatosha. Kutoka Ruanda hadi Mbinga, au kutoka Kojani hadi Wete, inafaa kutumia SSH, au kuzipitisha hizo nyengine ndani ya njia ya faragha ambayo mafundi huiita VPN. Poti za 445 na 2049 zisifunguliwe abadan kuelekea intaneti ya wazi.

KOSA LINALOZIMA SIMU

Sasa tumefika penye kiini cha maelezo haya. Fundi aliyekwishapachika folda ya mbali hushawishika kuliambia lango liandike rekodi zake moja kwa moja ndani ya folda hiyo. Mambo huonekana yamekamilika. Rekodi zinaandikwa Mbinga, lango la Ruanda halijai, kila mtu anafurahi. Furaha hiyo hudumu hadi siku njia itakapokatika.

Folda ya NFS, isipoelekezwa vyenginevyo, hupachikwa kwa tabia iitwayo hard. Maana yake ni kwamba seva isipojibu, mashine haikati tamaa. Huendelea kungoja na kurudia bila ya kikomo. Kwa mafaili ya hesabu tabia hiyo ni njema, kwani hakuna maandishi yanayopotea. Kwa simu ni balaa. Programu ya lango iliyokuwa katikati ya kuandika husimama pale pale ikingoja jawabu la Mbinga. Mazungumzo yanayofuata huja na kusimama nyuma yake, kama vyombo vilivyokwama nyuma ya chombo kimoja kilichopwelewa mlangoni mwa bandari. Taa za lango zinawaka, simu ya mezani pengine inatoa mlio, lakini haiunganishi. Na hapo inaweza kutokea kwamba laini ya simu yenyewe ni nzima kabisa. Kilichokatika ni njia ya mafaili peke yake.

Ipo tabia ya pili iitwayo soft, ambayo baada ya muda uliowekwa hukata tamaa na kurejesha jawabu la kosa. Hiyo hulinusuru lango lisikwame milele, lakini faili lililokuwa likiandikwa linaweza kubakia nusu, na muda wa kungoja, ambao kwa kawaida huhesabiwa kwa dakika, ni mrefu mno kwa mtu aliye kwenye simu. Kuchagua baina ya hard na soft, kwa hivyo, ni kuchagua baina ya ubaya na ubaya.

Visiwa hivi havihitaji kuelezwa sana maana ya kutegemea njia moja. Mwezi wa Mei 2008, kwa hitilafu katika njia ya umeme utokao Tanzania Bara, Unguja ilikaa karibu mwezi mzima bila ya umeme wa gridi. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 ikakaa tena miezi mitatu. Waliokuwa na jenereta au tangi la maji la akiba walisumbuka kidogo. Wasiokuwa nalo walisumbuka sana. Kwa upande wa intaneti, tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika kusini mwa pwani yetu, na huduma ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo. Hakuna aliyefanya kosa afisini siku hiyo. Njia ilikatika tu, kama njia zinavyokatika.

Lango la simu lililo mbali si pambo. Mpigaji anaweza kuwa mtu anayetoa habari ya gari lililoacha njia, au ya mama aliyeshikwa na uchungu usiku na kuhitaji kufikishwa hospitali. Mtu huyo hana haja ya kujua kama rekodi ya sauti yake itahifadhiwa Mbinga au wapi. Haja yake ni kuitikiwa. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Kumbukumbu ndogo iliyomo ndani ya lango ndiyo mbachao. Folda ya mbali ni msala mzuri, lakini hupita.

UTARATIBU UNAOPENDEKEZWA

Kutokana na hayo, utaratibu unaofaa ni wa lango kuandika kwanza ndani mwake, kisha kazi ya pembeni kuyahamisha mafaili baadaye. Mazungumzo na uhamishaji viwe shughuli mbili zisizongojana. Hatua zake ni hizi:

1. Ihifadhiwe nakala ya mipangilio ya lango kabla ya kugusa chochote. Nakala hiyo iwekwe nje ya lango, katika kompyuta ya afisi, na ipewe jina lenye tarehe.

2. Lango liongezewe nafasi ya ndani iwapo linaruhusu, kwa kadi ya kumbukumbu au diski ndogo. Gigabaiti 8 tu huchukua zaidi ya saa 270 za sauti kwa mfumo wa G.711. Hiyo ni akiba ya miezi minne kwa afisi inayotumia saa mbili kwa siku, hata kama njia ya Mbinga imekatika muda wote huo.

3. Katika seva ya Mbinga afunguliwe mtumiaji mmoja maalumu kwa ajili ya lango hilo, mwenye ruhusa ya kuandika katika folda moja tu. Asitumike msimamizi mkuu wa seva. Lango likiibiwa, mwizi awe amepata ufunguo wa chumba kimoja na si wa nyumba nzima.

4. Ukuta wa ulinzi wa mtandao uwekwe ili seva impokee mgeni kutoka anwani ya Ruanda peke yake, au kupitia njia ya faragha peke yake.

5. Iandaliwe kazi ya kuhamisha mafaili kila usiku, na kasi yake iwekewe kikomo. Simu moja ya G.711, ikiongezewa vichwa vya pakiti zake, huhitaji kiasi cha kilobiti 80 kwa sekunde. Uhamishaji ukiachiwa kilobiti 128, katika zile 256 zitabakia za kutosha kwa simu moja ya usiku bila ya sauti kukatikakatika. Kwa kikomo hicho, saa mbili za rekodi, yaani megabaiti 57.6, huhama kwa muda wa saa moja.

6. Kabla ya kuhamisha, kazi hiyo ihakikishe kwamba folda ya mbali imepachikwa kweli. Hili husahauliwa sana. Folda ya mbali isipokuwepo, mahali pake hubakia folda tupu yenye jina lile lile ndani ya lango. Kazi isiyokagua itayamimina mafaili humo, ikidhani imeyafikisha Mbinga, kumbe inalijaza lango lile lile. Ni sawa na mtu anayemimina maji gizani mahali ulipokuwa mtungi, na mtungi umekwishaondolewa. Anayetumia rsync kwa SSH bila ya kupachika huepukana na mtego huu.

7. Faili lisifutwe Ruanda mpaka lihakikishwe kufika Mbinga likiwa zima, kwa kulinganisha ukubwa wake na, ikiwezekana, alama yake ya ukaguzi. Kuhamisha ni kunakili, kukagua, ndipo kufuta. Mpangilio huo usigeuzwe.

8. Lango liwekewe onyo. Nafasi ya ndani ikifikia sehemu nne kwa tano, lipeleke taarifa kwa msimamizi. Ikizidi kujaa, liache kurekodi lakini liendelee kuunganisha simu.

JAMBO LA SAA

Jambo la saa linastahili kutajwa peke yake kwani ni dogo na huleta taabu kubwa. Malango mengi madogo hayana betri ya saa. Umeme ukikatika na kurejea, saa ya lango hurudi tarehe 1 Januari 1970, na rekodi zote zinazofuata huandikwa tarehe hiyo mpaka saa itakaporekebishwa. Kwa hivyo lango liagizwe kuchukua saa kutoka katika seva ya saa kila linapowaka, na eneo lake la saa liwekwe kuwa la Afrika Mashariki, yaani saa tatu mbele ya saa ya dunia.

Pia wanaoagiza na wanaotekeleza wafahamiane katika lugha ya saa. Msimamizi akisema kazi ifanyike saa nane usiku, lango linataka kuandikiwa 02:00. Fundi akiona namba nane na kuandika 20:00, atakuwa ameiweka kazi hiyo saa mbili usiku, wakati ambao watu bado wanapigiana simu. Ni vyema maagizo ya maandishi yataje saa kwa namna zote mbili.

SIRI ZA WATU

Mafaili ya lango si mali ya fundi wala ya msimamizi. Ndani yake mna sauti za wananchi, namba zao na shida zao. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 imeweka wajibu wa kutunza siri ya mawasiliano, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu awe na sababu halali, azilinde, na asikae nazo kwa muda usiokuwa na haja. Kwa hivyo, kabla ya afisi kufikiria mahali pa kuhifadhia rekodi, ijiulize kwanza kama ina haja ya kurekodi. Afisi nyingi zinahitaji daftari la simu na ujumbe wa sauti tu. Mpigaji naye aambiwe mwanzoni mwa mazungumzo kama yanarekodiwa.

Uwekwe pia muda wa kufuta. Rekodi isiyokuwa na kazi tena ni mzigo kwa seva na hatari kwa mwenyewe.

JARIBIO LA MWISHO

Mtambo usikabidhiwe mpaka ujaribiwe katika hali ya ubovu. Kuujaribu katika hali ya uzima hakutoshi, kwani mtambo wowote hufanya kazi siku ya kukabidhiwa. Mkuu wa afisi amtake fundi afanye mbele yake mambo matatu.

Kwanza, wakati mazungumzo yanaendelea, uchomolewe waya wa seva au ifungwe njia ya kwenda Mbinga, na simu isikatike. Ipigwe simu ya pili na ya tatu, nazo ziunganishwe. Ikiwa lango hutegemea intaneti kwa sauti pia, njia ya mafaili peke yake ndiyo ifungwe.

Pili, njia irejeshwe, na asubuhi yake ikaguliwe kama mafaili yote yaliyokuwa yakingoja yamefika Mbinga bila ya mtu kuyaharakisha.

Tatu, uzimwe umeme wa lango na kuwashwa tena. Lango lirejee kazini lenyewe hata kama seva ya mbali haipatikani. Yapo malango ambayo, yakiwaka na kuikosa folda ya mbali, hungoja mlangoni na yasiendelee. Katika nchi ambayo umeme na mtandao hukatika pamoja kwa mvua moja, ubovu huo ndio utakaoonekana mwanzo.

Lango likishindwa katika moja ya majaribio hayo, kazi haijakwisha, na hati ya makabidhiano isitiwe saini.

Watumishi wanaosimamia mitambo hii Unguja, Pemba na katika visiwa vidogo wanaombwa kuyapima malango yao kwa majaribio hayo matatu, kwani kinachowezekana kumfika mtu wa Ruanda kinawezekana kumfika mtu wa Tumbatu. Wananchi nao, wakipiga simu afisini na kuona inatoa mlio mfululizo bila ya kuunganishwa, wasinyamaze wakidhani ni kawaida. Watoe taarifa kwa sheha au waende wenyewe afisini, na waitaje siku na saa, kwani kwa siku na saa hiyo fundi ataweza kuitafuta sababu katika daftari la lango, iwapo daftari hilo limehifadhiwa.